Samaki Wetu Hajawahi Kuwa na Wanga, Acheni Kutuuzia Dawa ya Ugonjwa Hatuna

Wasee, nimechoka. Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na mtu amesimama ndani ya jiko jeupe kama maabara, anatufundisha kupika "samaki wa keto". Anatoa minofu iliyoganda kwenye pakiti, anaipaka yai, anaibingirisha kwa unga wa almondi, anaongeza jibini ya kusaga, halafu anaisukuma ndani ya ile mashine ya kukaanga na hewa. Baadaye anauma kipande, anafunga macho, anasema: "Hakuna wanga kabisa!" Watu wanamwaga mioyo. Chini hapo kuna linki ya kununua huo unga.

Mimi ni mtoto wa Rongo, Kaunti ya Migori, na shule ya upili nimesomea Homa Bay. Nimekula samaki wa Sori, wa Mbita na wa Kendu Bay kabla nijue neno "keto" linaandikwa aje. Kwa hivyo niacheni niseme.

Hoja yangu ni moja, na naitoa mapema ndio ukiwa na haraka uende nayo. Samaki wa kukaanga wa kwetu ni chakula cha wanga kidogo tangu zamani. Wanga uliingia kwa samaki siku mtu alipoanza kumvalisha unga. Sasa tunauziwa unga mwingine, wa bei kali, ati ndio tuondoe ule wa kwanza. Na hii biashara inaumiza watu ambao hata hawako TikTok.

Tuanze na hesabu

Ngege mbichi, gramu 100, ana takriban gramu 20 za protini. Wanga? Sufuri. Mbuta? Sufuri. Hiyo haijafanywa na mpishi yeyote, samaki amezaliwa hivyo.

Sasa chukua unga wa ngano, gramu 100 zile zile. Hapo kuna takriban gramu 75 za wanga. Unga wa mahindi unacheza humo humo. Unga wa almondi, yaani lozi, una kama gramu 20, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Kwa hivyo ni kweli, ukilinganisha unga na unga, wa almondi una wanga kidogo zaidi. Sijabisha hapo. Swali langu ni hili: nani alikuambia samaki anahitaji unga wowote?

Huo mtindo wa koti la ngano tumeuona kwa wengine. Waingereza wanauza samaki na chipsi namna hiyo tangu karne ya 19, na kwao ni sawa, ni chakula chao. Mapishi mengi ya keto mtandaoni yameandikwa na watu waliozoea samaki mwenye koti, kwa hivyo walipoambiwa waache ngano walitafuta koti lingine. Hiyo ni shida yao halali kabisa. Lakini wewe, omera, umekulia Oyugis au Awendo, samaki wako hana koti, unatafuta koti la kubadilisha la nini?

Na hiyo keto yenyewe tuiheshimu kwa historia yake. Jina hilo na huo mpango wa chakula vilitoka Mayo Clinic kule Marekani mwaka 1921, kama njia ya kuwasaidia wagonjwa wa kifafa. Ilikuwa kazi ya hospitali, na wagonjwa wakifuatiliwa na daktari. Leo imekuwa fasheni ya kuuza pakiti.

Vile samaki hukaangwa kwetu

Nenda Mbita, Sindo, Muhuru Bay ama stendi ya Homa Bay mjini, uangalie mama samaki akifanya kazi. Ana karai, moto, mafuta na chumvi. Amepanga samaki waliokwisha kuiva wakiwa wamekauka vizuri, ngozi ya dhahabu, mkia ukivunjika kama biskuti. Hakuna yai hapo wala makombo ya mkate.

Kama uko bedsita Nairobi ama Kisumu, fanya hivi. Naandika polepole kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu, halafu wanasema lazima unga.

Nunua ngege mzima wa saizi ya kati. Mwambie anayekuuzia apare magamba, atoe matumbo na mashavu. Ukifika nyumbani osha mpaka damu iishe kwenye uti wa mgongo. Mchanje ubavuni mara tatu kila upande, kisu kifike karibu na mfupa, ndio joto liingie na chumvi ishike. Paka chumvi, ndani na nje. Ukitaka limau, kitunguu saumu, tangawizi au pilipili, weka. Watu wa Mombasa na Lamu wanajua kumpaka samaki viungo mpaka mtaa mzima usikie harufu, na hivyo ni viungo, havina shida. Ila zile masala za mchuzi za pakiti, geuza usome nyuma. Nyingi zina wanga wa mahindi ndani.

Halafu kitu ambacho video hazikuambii: mkaushe. Muache nusu saa na chumvi yake, maji yatoke, kisha mfute na kitambaa safi mpaka ngozi iwe kavu kabisa. Maji ndiyo adui. Maji yakiwa kwenye ngozi, joto la mafuta linaisha kwa kuyachemsha badala ya kukausha ngozi, na mafuta yanakurukia usoni. Watu huweka unga ndio unywe hayo maji. Tishu ama kitambaa kinafanya kazi hiyo hiyo bila gramu hata moja ya wanga.

Mafuta yawe moto kabla samaki hajaingia. Huna kipimajoto? Tumbukiza ncha ya mwiko mkavu wa mti. Mapovu yakianza kupanda kwa kasi kuuzunguka, uko sawa. Mafuta yakitoa moshi umepitiliza, punguza. Mshike samaki kwa mkia, mlaze ukimwelekeza mbali nawe, kisha muache. Muache! Usianze kumchokora. Samaki hushikana na karai kwa sababu ameingia mafuta yakiwa baridi au umemgeuza mapema. Ngozi ikishaiva inajiachia yenyewe. Kama dakika tano mpaka saba kila upande, kulingana na ukubwa wake. Na usitumie saa peke yake, tumia masikio. Mwanzo atapiga kelele nyingi, hayo ni maji yanatoka. Kelele ikipungua, samaki amekaribia. Mtoe, msimamishe mafuta yachuruzike, usimlaze juu ya mwenzake akarudi kulainika kwa mvuke.

Umesoma mahali nimeandika unga? Basi.

Ukitaka wa mchuzi, kaanga vitunguu na nyanya, dania, maji kidogo, mrudishe samaki humo achemke dakika chache. Nyanya gramu 100 ina kama gramu 4 za wanga, kitunguu kama 9. Hiyo ni kidogo sana ukigawanya kwa sahani. Mchuzi ukiwa mwepesi, uache moto upunguze maji. Usiufunge na unga.

Wanga uko kwa sahani, na sisi wote tunajua

Sasa nigeukie upande wetu, kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimesema watu wa ziwa tuko salama. Kwa hoteli nyingi za kwetu samaki mmoja anakuja na ugali ukubwa wa tofali, ama chipsi, na soda baridi kando. Halafu mtu anamlaumu samaki kwa kitambi.

Kuon ni kuon. Naipenda, nimelelewa nayo. Lakini mlima wa ugali ni mlima wa wanga, na ule wa wimbi au mtama nao ni wanga, hata kama una nyuzinyuzi zaidi na unakaa tumboni vizuri kuliko ule mweupe wa kukobolewa. Kwa hivyo ukisema unataka mlo wa wanga kidogo, mahali pa kufanya kazi ni hapo. Punguza ugali uwe kipande cha kiganja, ama uuache kabisa siku hiyo. Jaza sahani na osuga, apoth, dek, boo, sukuma, kachumbari. Mboga hizi hupandwa nyuma ya nyumba Ndhiwa na Uriri, na zingine huota zenyewe mvua ikinyesha. Hakuna mtu anapata kamisheni ukizila, ndiyo maana huzioni kwenye hizo video.

Nani anaumia

Mtasema, "Si uache watu wafurahie chakula chao?" Sawa, ningewaacha kama ingeishia kwa furaha. Haiishii hapo.

Nina dani anayeishi na sukari. Siku aliporudi kutoka kliniki akiwa ameambiwa apunguze vyakula vya wanga, binamu yangu wa mjini, kwa nia nzuri kabisa, alimtumia orodha kutoka mtandaoni. Unga wa almondi. Mafuta ya parachichi. Unga wa nazi. Minofu ya samaki wa baharini ambaye hata jina lake hatujui. Dani alisomewa orodha yote, akauliza bei, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi huu ugonjwa ni wa matajiri, maskini kazi yao ni kusubiri. Akarudi kwa ugali wake kama kawaida.

Huyo ni mtu anayeishi kwenye kaunti yenye ziwa. Samaki anapita kwa pikipiki mbele ya boma yake kila jioni. Osuga iko nyuma ya jikoni. Chakula alichohitaji kilikuwa hatua ishirini kutoka kwa kiti chake, lakini kwa sababu kila ukurasa unaosema "wanga kidogo" una picha ya pakiti ya kigeni, aliamini si chakula chake. Hapo ndipo hii kontenti inaumiza. Inamwambia mtu wa Migori kwamba afya inauzwa supamaketi ya mjini, na kama huna hizo pesa, pole.

Na niseme jambo moja kwa uzito. Kama wewe au mzee wako anatumia insulini au vidonge vya sukari, usikate wanga ghafla kwa sababu ya video, wala kwa sababu yangu. Dawa ile ile ukiinywa na chakula kidogo cha wanga inaweza kuishusha sukari mpaka mtu azimie. Ongea na kliniki kwanza, wapange dawa na sahani pamoja.

Na minofu yenyewe inatoka wapi?

Kuna kitu kingine kinanikera kwa hayo mapishi: kila mara ni minofu. Kipande cheupe, bila kichwa, bila mfupa, bila ngozi. Mtoto wa ziwa akikuona unatupa kichwa cha ngege atakuuliza kama uko sawa nyumbani.

Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Baadaye viwanda vikafunguliwa kuzunguka ziwa, na minofu yake ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya na kwingineko. Kilichobaki hapa ni kichwa na mifupa yenye nyama kidogo. Tukaiita mgongo wazi. Akina mama wakaikaanga, wakaiuza, na familia nyingi zimekula hiyo kwa miaka. Ile filamu ya Darwin's Nightmare ya 2004, iliyopigwa upande wa Mwanza, ilionyesha dunia nzima hii biashara. Sasa ukija kuniambia chakula cha afya lazima kiwe minofu, unaniambia nitamani sehemu ambayo tayari imesafirishwa, na nione haya kwa ile iliyobaki. Mgongo wazi uliokaangwa vizuri hauna wanga. Hata kidogo.

Ziwa lenyewe, Kenya tuna karibu asilimia 6 tu ya eneo lake. Zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Samaki hawatoshi kila mtu, na ndiyo sababu siku hizi kuna vizimba vya kufugia ngege Homa Bay, na ndiyo sababu samaki walioganda kutoka Uchina wamejaa sokoni. Mwaka 2018 jambo hili lilifika mpaka kwa Rais Uhuru Kenyatta, akazungumzia kuwazuia. Mimi sikwambii usinunue. Nakwambia ukienda Gikomba au Kibuye uliza samaki ametoka wapi, na kama unaweza, mnunulie yule aliyetoka kwenye maji yetu.

Na kama ngege amekushinda bei, kuna omena. Huyu ni samaki mzima, unamla na kichwa na mifupa, kwa hivyo unapata na kalisiamu. Mloweke kidogo kwa maji moto, mwoshe mchanga utoke, mkamue, mkaushe kwa sufuria bila mafuta mpaka harufu ibadilike, kisha weka mafuta kidogo, kitunguu, nyanya na limau. Huyo omena unayemchezea, ati ni chakula cha shule za bweni, sehemu kubwa yake inasagwa kuwa chakula cha kuku. Yaani kuku wanakula vizuri kukuliko. Halafu kuna obambla, samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani. Hana unga, hana mafuta, na hahitaji friji. Bibi zetu walimaliza hii kazi zamani.

Nyinyi mnaobisha, nawajibu

"Lakini kukaanga si afya, mafuta ni mengi." Hapo mna hoja. Kila gramu ya mafuta ina kalori 9, na wanga kidogo haimaanishi kula karai nzima. Lakini angalia: koti la unga, liwe la ngano au la almondi, linanyonya mafuta pia. Samaki mkavu aliyeingia kwenye mafuta moto, akatolewa na kusimamishwa, habebi mengi. Ukitaka kidogo zaidi, tumia mafuta ya kufunika chini ya kikaango tu, ama mchome kwa makaa.

Shida ya kweli ya mafuta ni kuyarudia. Yale meusi, mazito, yananuka hata kabla hayajapata moto, hayo yamechoka. Nyumbani yachuje, yatumie mara moja au mbili tena, kisha yaage. Kwa kibanda, angalia karai kabla hujaagiza. Sio dharau kumuuliza mama kwa heshima, "Mama, mafuta ni ya leo?" Wateja wakiuliza, mafuta yatabadilishwa.

"Lakini mimi nina doo yangu, napenda almondi." Kula, ndugu yangu. Hakuna anayekuzuia. Ila usiandike kwamba hiyo ndiyo njia. Andika kwamba hiyo ndiyo njia yako, na uweke bei, ndio mtu wa Isebania ajue hii ni starehe.

"Lakini bila koti hawi mkavu." Rudi juu usome kuhusu kitambaa. Kisha ujaribu, halafu urudi.

Kwa wenzangu wa kontenti

Najua tunatafuta unga sote, ule wa kula. Linki zinalipa, na mama samaki wa Kendu Bay hawezi kukudhamini. Lakini tumepewa masikio ya watu. Kuna mtu wa miaka kumi na tisa anapikia nyumba nzima kwa kutazama video yetu, na ndani ya nyumba hiyo kuna mzee mwenye sukari. Mambo matatu tu naomba. Onyesha bei ya kila kitu ulichoweka mezani. Onyesha sahani yote, na ugali wake, usikate picha kwa samaki peke yake. Na kama kuna njia ya kwetu inayofanya kazi hiyo hiyo bila kununua kitu, iseme kwanza.

Jumamosi hii nataka mkaange ngege mzima. Chumvi, kitambaa, mafuta moto. Bila unga wowote, hata ule wa almondi. Pigeni picha ya mkia, na mniambie mmenunua wapi na kwa pesa ngapi. Wa Homa Bay na Migori, tumeni bei za huku pia, za ufuoni na za sokoni, tuziweke kando ya bei ya ile pakiti. Kisha mtu amsomee dani wake.